Pole Iendayo Juu

Ilikuwako nchi, na hadi jana asubuhi ilikuwa ingali ipo, ambayo serikali yake iliwapenda watoto kiasi cha kuwaundia kamati. Jina la nchi hiyo tuliache. Wenyewe wakilitaja husimama wima, na kusimama wima kila mara kungetuchelewesha.

Watoto wa nchi hiyo walikuwa wamekwisha kupimwa kila kilichopimika: kusoma, kuhesabu, urefu, uzito, hata mbio za magunia. Kilichobaki nje ya daftari ni moyo. Upungufu huo uligunduliwa na Waziri wa Elimu na Utulivu mwenyewe, akiwa ziarani, pale mtoto mmoja wa shule ya awali alipomtazama usoni akaangua kilio bila kibali. Mheshimiwa alirudi ofisini ameguswa sana. "Taifa," aliwaambia wasaidizi wake, "haliwezi kuwaacha raia wake wajisikie hivi hivi tu, kila mtu kwa namna yake." Baada ya miezi minane kikapatikana kitabu cha kurasa mia mbili na kumi na nne, jalada la kijani, kiitwacho Viwango vya Taifa vya Stadi za Hisia na Mahusiano kwa Shule za Msingi. Kila shule ilipewa nakala moja, na nakala hiyo ilikatazwa kutoka ofisini, isije ikachakaa kwa kusomwa.

Katika Shule ya Msingi Pembe Nne, kitabu kiliangukia mikononi mwa Mwalimu Stambuli Mkongea wa Darasa la Nne, kwa kuwa mwalimu mkuu alisema macho yake hayapatani na maandishi madogo. Stambuli alikuwa mgane wa miaka hamsini na miwili, mtu mpole, mwenye wanafunzi sitini na watatu, madawati kumi na tisa, na mwandiko ubaoni uliokuwa mzuri kiasi kwamba wakaguzi waliandika katika kitabu cha wageni kuwa shule ina vifaa vya kutosha. Fimbo alikuwa nayo, lakini kwa miaka kumi na mmoja haikufanya kazi nyingine ila kuonyesha mito kwenye ramani.

Alikisoma kitabu kwa nia njema. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye litasahaulika. Kwa muda mrefu aliamini kwamba shule humfundisha mtoto kugawanya machungwa ishirini kwa watu watano bila kumfundisha kugawana hata moja, na sasa serikali ilikuwa imeliona hilo. Akachonga penseli, akaketi.

Ukurasa wa thelathini na moja ulieleza Furaha. Tabasamu la Darasa la Nne, kilisema kitabu, huanza mara tu mgeni anapoketi, wala si kabla, na halizidi meno sita. Wanafunzi waliong'oka meno walitakiwa kuleta cheti. Ukurasa wa hamsini na saba ulieleza Huzuni: mtoto aliyekomaa kihisia huhuzunika safari inapofutwa, au anapokuta kiti alichoandaliwa kimekaliwa na mwingine. Stambuli alikuna kichwa. Wanafunzi wake hawakuwahi kwenda safari, na kiti walichokijua ni cha mwalimu. Akageuza kurasa.

Ukurasa wa themanini na nane ulihusu pole.

Katika nchi hiyo, kama katika nchi nyingine ambazo msomaji anazifahamu, mtu akijikwaa mbele yako humwambia pole, hata kama si wewe uliyeliweka jiwe. Kamati iligundua kuwa desturi hii ilikuwa ikitumika ovyo. Mtoto alimpa mtoto mwenzake, mzima alimpa mgonjwa, na wilaya moja iliripoti pole iliyotolewa kwa mbuzi. Ili kukomesha upotevu huo, Kiwango Namba Nne kilitamka: *Pole hutoka chini kwenda juu.* Kipimo chake kilielezwa kwa ufasaha. Mwanafunzi mmoja huitwa mbele na kuchapwa kiboko kimoja cha kiganja, kwa upole. Mpimaji hutazama wenzake wanampa nani pole. Mtoto wa wastani humpa mchapaji, kwa maneno haya: "Pole na kazi, mheshimiwa." Maana anayechoka ni yeye.

Stambuli aliweka penseli chini.

*

Mkaguzi wa Hisia wa Wilaya, Bwana Msabaha, alifika Jumanne kuendesha jaribio la kwanza. Alikuwa mtu nadhifu mwenye shati la vifungo vinane, vyote vimefungwa, na sauti ya mtu anayesoma hata anapozungumza.

"Fimbo, Mwalimu."

"Mheshimiwa, ile ni ya ramani."

"Leo itapumzika kuonyesha mito."

Aliyeitwa mbele ni Tindo, mtoto mdogo kuliko wote darasani, kwa sababu alikaa dawati la mbele na mkaguzi hakupenda kupaza sauti. Kiboko kililia. Tindo naye akalia, lakini kwa ndani, midomo imebanwa. Wenzake walitazamana, kisha wakautazama uso wa Bwana Msabaha, ambao ulifundisha haraka kuliko kitabu, na wakasema kwa pamoja, kama wimbo wa mstarini: "Pole na kazi, mheshimiwa!"

Mtoto mmoja hakusema. Aliinuka, akapita katikati ya madawati, akaushika mkono wa Tindo, akakipuliza kiganja chake taratibu kama mtu anayepoza uji wa mgonjwa.

"Pole, Tindo," alisema. "Usikunje vidole. Ukikunja itawaka zaidi."

Bwana Msabaha alifungua kalamu.

"Huyu ni nani?"

"Ni Siwatu, mheshimiwa. Siwatu binti Kombo. Ana miaka kumi."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ndivyo alivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu nimjue."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, akisoma kila neno alipolimaliza: "Huruma ya kushuka. Daraja la tatu. Sugu." Kisha akaeleza utaratibu, kwa upole, kama daktari. Mtoto angepewa siku tisini za marekebisho. Siku ya uzinduzi wa kitaifa wa Viwango, ambao kwa heshima kubwa ungefanyika hapa hapa Pembe Nne, angepimwa tena mbele ya mgeni rasmi. Akishindwa, mwalimu wa darasa angetia saini Fomu Namba Tisa, na mtoto angepelekwa Kituo cha Taifa cha Kunyoosha Hisia, mwendo wa siku mbili kwa basi, kwa miaka mitatu. Likizo hakuna.

"Hata ya siku moja?"

"Likizo huwarudisha kwa jamaa zao, Mwalimu. Na huko ndiko wanakoambukizwa."

*

Aliyemwambukiza Siwatu alikuja shuleni kesho yake, kanga mbili mwilini na kikapu mkononi. Bi Mwatumu, bibi yake, alikuwa mwanamke aliyeitwa katika kila nyumba yenye mgonjwa asiye na mtu. Hakuwa na dawa. Alikaa tu, akamgeuza mgonjwa ubavu, akampuliza penye joto, akamwambia pole hadi apate usingizi. Na mjukuu alikwenda naye tangu alipoweza kushika kikapu.

"Mwalimu," alisema, hata kabla ya kuketi, "naambiwa mjukuu wangu ana ugonjwa wa kuwaonea watu huruma."

"Si ugonjwa, Bibi. Ni… mwelekeo."

"Mwelekeo wa wapi?"

"Wa chini."

"Na wagonjwa wanalala wapi, mwanangu? Darini?"

Stambuli alimsogezea kiti. Bi Mwatumu akaketi, akakipakata kikapu.

"Nisikilize. Mama yake nimemzika kwa mikono hii. Baba yake alikwenda migodini, akatuma salamu mara moja, zikaisha. Nimebaki na huyu. Miaka mitatu mimi sina, Mwalimu. Wakimchukua leo, atakayerudi atakuta kaburi, na atakuwa amefundishwa kulipita." Akakiweka kikapu sawa. "Basi mfundishe hicho wanachokitaka. Wewe si mwalimu?"

"Ni mwalimu, Bibi."

"Haya. Fundisha."

*

Lakini Stambuli alikuwa msomi, na msomi huanza kwa kutafuta chanzo. Akakirudia kitabu, safari hii kuanzia nyuma, kwenye viambatisho ambavyo huwekwa pale ili visisomwe. Katika Jedwali la Sita alikutana ana kwa ana na Mtoto wa Wastani, yule ambaye watoto wote wa taifa walitakiwa kufanana naye. Umri: miaka arobaini na tisa. Uzito: kilo tisini na moja. Shinikizo la damu: la kupanda. Wajukuu: wawili. Anachokiogopa zaidi: kustaafu, kisha, ukimya wa mkubwa wake anapopigiwa simu.

Alidhani ni makosa ya mpiga chapa. Chini ya jedwali, kwa herufi ndogo mno, palikuwa na maelezo. Wakati wa kukusanya takwimu, shule zote zilikuwa zimefungwa kwa likizo na watoto hawakupatikana. Ili kazi isikwame, madodoso yaliyokusudiwa kwao yalijazwa na wajumbe wa kamati wenyewe, pale pale hotelini, "ambao wote, kwa nyakati tofauti, wamewahi kuwa watoto."

Stambuli alicheka peke yake ofisini hadi machozi yakamtoka. Ilikuwa furaha safi, ya meno yote. Kosa lilikuwa limeonekana, na katika maisha yake ya ualimu kosa likishaonekana hupigwa mstari mwekundu, likasahihishwa. Siku iliyofuata alikwenda wilayani, amelinakili jedwali kwa mwandiko wake mzuri.

Bwana Msabaha alilisoma mara mbili.

"Kosa liko wapi?"

"Mheshimiwa, mtoto wa kilo tisini na moja?"

"Hicho ni kiwango, Mwalimu. Kiwango ni kitu ambacho mtoto hana. Angekuwa nacho, tungemwekea cha nini?"

"Lakini waliojaza ni watu wazima. Ni watumishi. Hizi ni hisia za ofisini."

"Na hawa watoto wako wakikua watakuwa nini? Kunguru?" Mkaguzi alikunja karatasi mara nne. "Au unataka kusema hisia za kamati si za kawaida? Maana mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Waziri."

"Sikusema hivyo, mheshimiwa."

"Nimekusikia usivyosema."

Kisha Bwana Msabaha alifanya jambo ambalo Stambuli hakulitarajia. Alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza hakusikika kama anasoma.

"Mimi mwenyewe nilikuwa mjumbe, nilijaza dodoso lile. Swali la hamsini na mbili liliuliza, 'Nani hukutia huruma kuliko wote?' Nilikaa nalo kwa saa nzima, Mwalimu. Mama yangu alikuwa amelazwa mwezi ule." Akaitazama kalamu yake. "Nikaandika, 'Mkurugenzi.' Mwenzangu wa kulia aliandika hivyo hivyo. Na wa kushoto. Sasa unaniambia ni kosa? Watu arobaini hawawezi kukosea kwa mwandiko mmoja."

Akaiongezea karatasi mkunjo wa tano na kuitia mfukoni. "Zimebaki siku themanini na sita. Mfundishe mtoto."

*

Akamfundisha.

Kila siku baada ya masomo, Stambuli alibaki na Siwatu na Tindo. Kwa kuwa hakuweza kumchapa mtoto, alichapa dawati, na Tindo alipaswa kupiga kelele. Tindo alilifurahia somo hilo kuliko yote aliyowahi kupewa. Alikuwa akianguka, akigaagaa, akiwaaga wazazi wake. "Punguza, Tindo," mwalimu alimwambia, "ni kiganja tu." Siwatu alijua fika kwamba ni dawati lililochapwa, lakini kila mara goti lake liliinuka lenyewe.

"Usimtazame," alisema Stambuli. "Tazama shati la anayechapa. Hesabu vifungo."

"Na Tindo nani atamtazama?"

"Hakuna."

"Basi si ataumia peke yake?"

"Ndiyo."

Siwatu aliwaza. "Mwalimu, hilo nalo ni somo?"

"Liko kwenye ratiba," alisema Stambuli, akageukia ubao usio na kitu.

Wiki ya tatu Siwatu aliweza kubaki ameketi, mikono ameikalia. Wiki ya sita goti lilitulia. Alifika kwenye kifungo cha tano, kisha cha saba. Mwalimu alimwandalia kadi za mazoezi zenye picha alizochora mwenyewe: mtu ameanguka, mtu amesimama, nani anapewa pole? Mwanzoni Siwatu aliweka kidole kwa aliyeanguka na kusema, "Si huyu hapa?" Baadaye akawa anasita. Wiki ya kumi, wakati wa mapumziko, mtoto wa Darasa la Kwanza alianguka kwenye kokoto akachubuka goti mbele yake. Stambuli alikuwa dirishani. Alimwona Siwatu akisimama, akigeuza shingo, akitafuta kiranja alipo.

Alichukua kalamu nyekundu akaweka alama ya vema kwenye daftari lake. Vema ilikaa sawa. Katika miaka ishirini na saba hakuwahi kumshindwa mtoto mwenye nia, na hilo ndilo lililokuwa balaa lake: alikuwa mwalimu mzuri sana.

*

Siku ya uzinduzi paliwekwa mahema matatu: la Waziri, la wafadhili wa nje, na la viti vilivyobaki. Wazazi walikaa juani, ambako, mshereheshaji aliwaeleza, hewa ilikuwa nzuri zaidi. Risala ilisomwa. Waziri alipoketi, watoto sitini na watatu walitabasamu meno sita sita, na mfadhili mmoja mwenye kofia pana alifuta machozi.

"Leo," alisema Waziri kwa kipaza sauti, "tunaupokea moyo wa mtoto rasmi. Kuanzia leo hakuna mtoto wa taifa hili atakayejisikia vibaya bila sisi kujua, wala vizuri bila sisi kuwepo!" Makofi yalipigwa kwa mafungu matatu, kama ilivyoandikwa.

Jambo la saba kwenye ratiba lilikuwa kipimo cha pole. Tindo alikwisha kuinuka, akifanya mazoezi ya uso, Bwana Msabaha alipomjia Stambuli mbio na kumnong'oneza.

"Mwondoe huyo. Mbele ya wafadhili hatuchapi watoto. Sheria inakataza."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine wafadhili hawapo. Tafuta mtu mzima, haraka, mheshimiwa ameshika fimbo!"

Stambuli alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Tindo alikuwa rafiki wa Siwatu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye kiganja kipana, ambaye hakuna mtoto angemwonea huruma. Chini ya hesabu hiyo palikuwa na nyingine, ambayo hakuiandika popote. Alitoka mbele, akavua saa, akanyoosha mkono.

Waziri, aliyewahi kuwa mwalimu kabla ya kuitwa na taifa, alikunja mkono wa koti. Kiboko kikashuka. Hakikuwa cha mfano.

Stambuli alimtazama Siwatu, mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto. Macho ya mtoto yalikuwa juu ya kiganja chake. Aliliona goti likianza. Ndani yake kikapanda kitu kama furaha, na nyuma yake, papo hapo, akaliona basi, na mwendo wa siku mbili, na Bi Mwatumu aliyeketi juani amekipakata kikapu. Akakaza macho, akamwamuru kwa macho hayo: vifungo.

Goti lilishuka. Siwatu aligeuza uso, akalitazama shati la Waziri, midomo ikihesabu.

"Pole na kazi, mheshimiwa!" zilisema sauti sitini na tatu.

Mpiga picha akanyanyua mkono: samahani, mashine haikuwa tayari. Waziri alirudia. Safari hii Siwatu hakuhitaji kuamriwa. Mfadhili mwenye kofia aliomba aone kwa upande wa pili, Waziri akarudia tena, na mara hii ya tatu sauti ya Siwatu ilitangulia za wengine wote, safi, bila kutetereka.

"Huyu!" alisema Waziri, akihema, akimwekea mkono kichwani. "Huyu ndiye mtoto wa wastani!" Akapewa cheti chenye muhuri. Bwana Msabaha alichana Fomu Namba Tisa mbele ya umati, vipande akavitia mfukoni.

*

Mahema yalipoanza kung'olewa, Siwatu alimfuata mwalimu wake chini ya ukuta wa darasa.

"Mwalimu, nimefaulu?"

"Umefaulu, mwanangu. Vizuri sana."

"Kwa hiyo sipelekwi?"

"Hupelekwi popote. Utabaki na Bibi."

"Asante, Mwalimu." Alikuwa na cheti kifuani, akikiangalia muhuri. Mkono wa kuume wa Stambuli ulikuwa umevimba kama andazi, ameuegemeza ukutani kwa ajili ya ubaridi. Siwatu alikuwa hatua moja tu kutoka hapo. Stambuli alisubiri. Hakujua anasubiri nini hadi alipoona hakiji.

Kilikuja kutoka kwingine. Bi Mwatumu alifika akijikongoja, kanga imelowa jasho, akashukuru kwa maneno mengi, na katikati ya shukrani akauona mkono. Akakiweka kikapu chini, akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akauinamia, akaupuliza.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Usikunje vidole."

Stambuli aliangaza macho kuelekea kwenye mahema. Bwana Msabaha alikuwa amesimama akiwatazama, kalamu wazi. Mwalimu akaanza kuuvuta mkono wake, pole pole, asimuudhi bibi.

Lakini Siwatu alikuwa mwepesi kuliko yeye.

"Bibi, siyo huku," alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgonjwa aliyelala vibaya. Akamshika bibi yake mabega, akamnyanyua, akamgeuza taratibu hadi uso wake ukaelekea lile hema kubwa, ambako Waziri alikuwa akinywa maji na kuupumzisha mkono wake. "Kule. Hesabu vifungo, Bibi. Halafu sema."